Kiunzi, Msuko na Riwaya Iliyoanza Bila Ramani

Mhakiki mmoja wa Kiswahili huandika msuko, mwingine huandika ploti, na darasani maneno yote mawili hupokelewa bila ugomvi. Ugumu huanza pale mwanafunzi anapoulizwa kama mtunzi wa riwaya huupanga msuko kabla ya kuandika au huukuta mbele ya safari. Swali lenyewe limechanganya vitu viwili.

Msuko ni namna matukio ya kisa yalivyofungamana: lipi limezaa lipi, lipi limetangulizwa, lipi limefichwa hadi sura ya mwisho. E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927, alitenga kisa na msuko kwa kigezo cha sababu. Msikilizaji wa kisa huuliza nini kilifuata. Msomaji anayefuatilia msuko huuliza kwa nini. Kwa maana hiyo kila riwaya iliyosimama vizuri ina msuko, hata ile ambayo mtunzi wake aliianza bila kujua ingeishia wapi. Msuko ni mali ya kitabu. Kinachobishaniwa na waandishi ni karatasi iliyokuwa mezani kabla ya kitabu, na karatasi hiyo inadai jina lake.

Wengi huiita muhtasari. Jina hilo haliifai, kwa sababu muhtasari hufupisha jambo lililokwisha kuwepo: kikao kimefungwa, katibu anaandaa muhtasari. Neno kiunzi lina haki zaidi. Ni zile mbao za kwanza zinazoonyesha umbo la kitu ambacho bado hakijajengwa. Wapenzi wa riadha watakumbusha kwamba kuna pia mbio za kuruka viunzi. Basi na iwe hivyo, maana wapo watunzi ambao kiunzi kwao ni kikwazo kwelikweli.

Charles Dickens aliandika kwa njia zote mbili. Mwaka 1836, akiwa kijana wa miaka 24, aliajiriwa kuandika maelezo ya kusindikiza michoro ya vichekesho ya Robert Seymour. Seymour alijiua kazi ikiwa imeanza tu, na Dickens akabaki na hadithi ya Pickwick isiyo na mwelekeo, ikitoka toleo moja kila mwezi. Katika toleo la nne akamwingiza Sam Weller, mtumishi mwenye ulimi mwepesi. Wasomaji wakampenda, mauzo yakapaa, na hadithi nzima ikageuka kumfuata. Miaka michache baadaye, riwaya yake Martin Chuzzlewit ilipodorora sokoni, alimpeleka mhusika wake Marekani ili kuichangamsha. Yeyote aliyewahi kufuatilia hadithi za mfululizo magazetini, zile zinazokatwa kwa neno “itaendelea”, anaujua mchezo huo.

Lakini alipoanza Dombey and Son mwaka 1846, Dickens alibadilika. Kwa kila toleo alitenga karatasi: upande wa kushoto akiandika maswali na vikumbusho vya kujisemesha mwenyewe, upande wa kulia majina ya sura na mambo yatakayokuwemo. Aliendelea na utaratibu huo katika riwaya zake kubwa zilizofuata. Hicho ni kiunzi kamili, na kizuri zaidi ni kile cha upande wa kushoto, kwa sababu kinaonyesha mtu mwenye mpango anayeruhusu mpango wake kuhojiwa.

Upande wa pili amesimama Stephen King. Katika kitabu chake kuhusu uandishi, kilichotoka mwaka 2000, anaeleza kwamba huanza na hali fulani, si mpango, kisha huchimbua hadithi kama mtu anayefukua mabaki ya kale ardhini. Mfasiri akiandika kwamba King “hautaki msuko” atakuwa amempotosha msomaji. Misery, habari ya mwandishi aliyefungiwa nyumbani kwa shabiki wake, ina msuko uliokazwa barabara. Anachokikwepa King ni kiunzi.

Je, njia yake iitwe utunzi wa papo kwa papo? Hapa pia uangalifu unahitajika. Papo kwa papo ni sifa ya malenga anayejibu mbele ya hadhira. Neno likishamtoka halirudi. Mwandishi wa riwaya anaweza kurudi. King mwenyewe hushauri rasimu ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza kwa asilimia 10 hivi. Jina la wazi, utunzi bila kiunzi, linatosha, na hata sikioni halikwaruzi.

Kati ya kambi hizo mbili kuna msongamano mkubwa kuliko mabishano yanavyoonyesha. Agatha Christie, ambaye riwaya zake za upelelezi hudhaniwa zilipimwa kwa rula, aliacha madaftari 73 yaliyojaa mawazo yasiyo na mpangilio, akijiuliza mara huyu awe muuaji, mara yule. George R. R. Martin, anayejihesabu miongoni mwa wasiopanga, alimwandikia wakala wake mwaka 1993 barua yenye kiunzi cha riwaya tatu. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Cha tano, mwaka 2011, kilikuwa kimeshaiacha barua ile mbali sana. Naye John Irving hutafuta sentensi ya mwisho kabla ya yote, kisha huandika kuielekea.

Mwalimu anayefundisha riwaya, basi, aulize maswali mawili badala ya moja: msuko wa kitabu hiki ukoje, na mtunzi alikuwa na kiunzi gani alipoanza? La kwanza hujibiwa kwa kusoma kitabu. La pili hujibiwa kwa barua, madaftari na rasimu za mtunzi, na kwa waandishi wengi wa Kiswahili karatasi hizo bado ziko kabatini majumbani, hazijafika maktaba. Zitafutwe na zihifadhiwe.