Maji na Mafuta

Yasemwa tangu kale kwamba maji na mafuta hayachangamani. Yeyote aliyetazama mchuzi ukipoa amejionea ukweli wa maneno hayo: mafuta huelea juu na maji hubaki chini. Lakini tabia ya kitu si lazima iwe moja katika hali zote. Hii ni historia ya maji yenye tabia nyingine kabisa, na ya jinsi ugunduzi wake ulivyongoja miaka zaidi ya mia kabla ya kupewa kazi katika mafuta.

Mwaka 1822 Mfaransa mmoja, Charles Cagniard de la Tour, alitwaa kipande kinene cha mtutu wa bunduki, akatia ndani yake kimiminiko pamoja na gololi ya jiwe gumu, akakiziba barabara. Kisha alikipasha moto, akawa anakiinamisha huku na huku na kutega sikio. Mwanzoni gololi ilisikika ikipita katika kimiminiko. Joto lilipozidi kiasi fulani, sauti ilibadilika, kana kwamba kimiminiko hakimo tena. Alipotumia neli za kioo aliliona jambo lenyewe kwa macho: ule mpaka unaotenga kimiminiko na mvuke wake ulitoweka. Maji yalimsumbua sana, kwa sababu yalipokuwa na moto mkali yalikula hata kioo.

Thomas Andrews wa Belfast alilifafanua jambo hilo mwaka 1869. Aliichunguza gesi ya kaboni dayoksaidi, akaonyesha kwamba iko joto ambayo ikipita, haigeuki kuwa kimiminiko hata ikibanwa kwa nguvu gani. Joto hiyo ndiyo kikomo. Kwa maji, kikomo ni digrii 374 za sentigredi, na shinikizo lake ni kama mara 218 ya lile la hewa ituzungukayo. Maji yaliyovuka mipaka hiyo miwili si kimiminiko wala si mvuke wa kawaida. Molekuli zake hazishikani tena kwa nguvu kama kwanza. Basi chumvi, ambayo maji baridi huiyeyusha upesi, hutengwa nayo, na mafuta yaliyokuwa mgeni hukaribishwa.

Sasa na tuyatazame mafuta yenyewe. Mafuta yatokayo ardhini ni mchanganyiko wa molekuli nyepesi na nzito. Nyepesi hutoa petroli na mafuta ya taa. Nzito hubaki chini kama lami, pamoja na salfa na metali kama vanadiamu na nikeli. Magari yalipoongezeka Marekani, petroli haikutosha. William Burton alipata hataza mwaka 1913 ya kuvunja molekuli nzito kwa joto na shinikizo, na petroli iliyopatikana katika pipa ikaongezeka karibu maradufu. Hata hivyo, makaa yaliganda ndani ya mitambo yake, ikawa lazima kuisimamisha mara kwa mara na kuisafisha. Mwaka 1937 njia ya Mfaransa Eugène Houdry, ya kutumia kichocheo, ilianza kazi kubwa huko Pennsylvania. Lakini mabaki mazito kabisa huharibu vichocheo kwa makaa na metali zake.

Jambo hili si dogo. Mafuta ya Alberta nchini Kanada na ya Orinoco nchini Venezuela ni mengi mno, lakini sehemu yake kubwa ni nzito. Hata kwetu, kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013, hakikuwa na mitambo ya kuvunja mafuta mazito. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka ikiwa mafuta ya tanuri, yasiyo na bei nzuri.

Hapo ndipo yale maji ya mwaka 1822 yalipokumbukwa. Katika vyuo vikuu kama Tohoku cha Japani, wataalamu walitia mafuta mazito na lami katika maji yaliyovuka kikomo. Joto huvunja vifungo vya kaboni, na kila kipande kilichovunjika hutafuta cha kushikamana nacho. Vipande vizito vikikutana vyenyewe kwa vyenyewe, makaa hutokea. Maji huvitawanya, hata visikutane kwa urahisi, na kwa njia hiyo makaa yaweza kupungua. Baadhi ya salfa hutoka kama gesi yenye harufu ya yai viza. Lakini ile iliyofungwa ndani ya pete imara za kaboni hukataa kutoka.

Je, maji ni uwanja tu, au nayo ni mchezaji? Katika miaka ya 2010 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitia dutu moja yenye salfa, isiyo na oksijeni yoyote, katika maji hayo. Miongoni mwa vilivyotoka walipata kaboni monoksaidi, ambayo ina oksijeni. Oksijeni hiyo haikuwa na pengine pa kutoka ila katika maji. Basi maji yaliingia mchezoni.

Tusidhani kwamba kazi imekwisha. Maji yaliyokula kioo cha Cagniard de la Tour hula pia vyuma, na kuyafikisha katika joto na shinikizo hiyo kwahitaji mitambo imara ya gharama kubwa na nishati nyingi. Hata leo viwanda vya mafuta hutegemea zaidi njia zilizotokana na kazi ya Burton na Houdry. Tena, mafuta yaliyopunguziwa salfa yakichomwa bado hutoa kaboni dayoksaidi hewani. Lakini mwanafunzi asilidharau jaribio la gololi katika mtutu. Aliyelifanya hakuwa akitafuta petroli, wala magari ya petroli hayakuwapo. Alisikia sauti imebadilika, akataka kujua kwa nini.