Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Chuo cha Wananchi na Sisi Tuliokichangia

Ndugu zetu wa nyumbani, mlio wilayani na mlio mbali,

Kila mwaka katika kijarida hiki tunawaomba mchango. Safari hii, kabla ya kuomba, tunakumbushana historia ya vyuo vya maendeleo ya wananchi, maana ndani yake limo jibu la swali mnalotuuliza kila tunapokutana misibani na harusini: fedha zetu zilikwenda wapi?

Mbegu ya vyuo hivi ilitoka mbali. Huko Denmark, mchungaji na mwandishi N. F. S. Grundtvig alitaka shule ambamo mkulima angejifunza kwa mazungumzo na mwalimu wake, bila mtihani wa kumchuja. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Uswidi ikafuata mwaka 1868. Mwalimu Nyerere alivutiwa na mfano huo, na mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Uswidi, ikaanza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hatimaye vilizidi 50.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Kijiji kilimchagua mtu wake, mara nyingi mwenye elimu ya msingi tu, akaenda kujifunza useremala, uashi, ushonaji au kilimo, kisha akarudi kukitumikia kijiji kilichomtuma. Kwa hiyo tangu mwanzo chuo kilidaiwa taarifa na wanakijiji.

Lakini vyuo vilizaliwa wakati mgumu kwa uwajibikaji. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, na hazikurudi hadi miaka ya 1980. Maagizo na fedha vilitoka juu, na taarifa nazo zikapanda juu. Mwananchi aliyeishi jirani na chuo alikiona kama mali ya wizara. Uchumi ulipobana na fungu la serikali kupungua, vyuo vikageukia wananchi walewale ambao havikuwa vimezoea kuwaeleza jambo.

Ndipo tulipoingia sisi. Tulichangia mabati ya bweni kwenye chuo kimoja cha eneo letu. Stakabadhi zilikatwa, picha zikapigwa, kisha kimya. Mwaka wa pili michango ilipungua. Mwaka wa tatu ikakauka. Tulipokwenda hatimaye kukagua, tulikuta mabati yamenunuliwa na yamepauliwa vizuri. Hakuna aliyeiba. Ila hakuna aliyewaambia mlichokifanya, na kimya peke yake kilitosha kuzaa uvumi. Kosa hilo ni letu pia: tulipokea fedha zenu mkutanoni, na hatukurudi mkutanoni kusoma hesabu. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Leo hatuna kisingizio. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Mkutano mkuu wa kijiji nao hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mahali pa kuulizana.

Kwa hiyo kamati imekubaliana na uongozi wa chuo mambo manne. Kwanza, mapato na matumizi ya michango yetu yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo na wa ofisi ya kata kila robo mwaka. Pili, wanachama wawili watakaochaguliwa na mkutano wetu, si kuteuliwa na kamati, watahudhuria vikao vinavyojadili fedha hizo. Tatu, wanafunzi nao watakuwa na mwakilishi, maana ndio wanaolala katika hilo bweni. Nne, swali litakaloletwa kwa maandishi litajibiwa kwa maandishi, hata kama jibu linatuaibisha.

Mchango wa mwaka huu ni wa kukamilisha bweni la wasichana. Kuta zimesimama; bado paa, milango na vitanda. Mabinti wanaotoka vijiji vya mbali wamepanga vyumba mitaani, na wazazi wao hawalali usingizi.

Tunawaomba mchange. Na mkishachanga, msituachie: njooni mkutanoni, someni ubao, mtuulize. Tukikaa kimya tena, mna haki ya kutubadilisha.

Ni sisi ndugu zenu,
Kamati ya Maendeleo