Hesabu Iliyopotoka ya Halab

Tetemeko la ardhi lililoupiga mji wa Halab, Syria, tarehe 11 Oktoba 1138 hutajwa mara kwa mara miongoni mwa yale yaliyoua watu wengi kuliko yote duniani. Waliokufa, tunaambiwa, ni 230,000. Idadi hiyo haiaminiki, na safari ya kuligundua hilo inastahili kusimuliwa.

Mitambo inayonasa mitikisiko ya mbali ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19 tu. Ufa wa ardhi, kwa upande wake, unaweza kutulia miaka mia tano, hata elfu, kabla ya kuteguka tena. Kwa hiyo mhandisi anayeulizwa bwawa au hospitali ijengwe imara kiasi gani hawezi kutegemea kumbukumbu za mitambo peke yake. Hana budi kuwarudia waandishi wa kale.

Na waandishi wapo. Jalal al-Din al-Suyuti wa Cairo, aliyefariki mwaka 1505 na ambaye waliosoma vyuoni pwani ya Afrika Mashariki wanamjua kwa Tafsiri ya Jalalain, alitunga kitabu kizima cha matetemeko, mwaka baada ya mwaka, akayataja zaidi ya mia moja. Kabla yake, Ibn al-Qalanisi wa Damascus aliandika habari za matetemeko ya zama zake mwenyewe, likiwemo la Halab.

Nicholas Ambraseys, mhandisi mzaliwa wa Ugiriki aliyefundisha Imperial College, London, alitumia miaka mingi kuzipembua habari za namna hii. Alifanya kama wanazuoni wa hadithi wanavyochunguza wapokezi: nani aliona, nani alisikia, nani alinakili tu? Vitabu kumi vilivyonakili kitabu kimoja ni shahidi mmoja.

Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004, alionyesha kwamba wa kwanza kuitaja idadi ya 230,000 kwa Halab ni Ibn Taghribirdi, mwandishi wa karne ya 15, zaidi ya miaka 300 baada ya tukio. Misiba mitatu ilikuwa imechanganywa: mitikisiko ya uwanda wa Jazira mwaka 1137, tetemeko la Halab lenyewe, na lile lililoangamiza Ganja, katika Azerbaijan ya leo, tarehe 30 Septemba 1139. Kalenda nayo huleta utata. Mwaka 533 wa Hijria ulianza Septemba 1138 ukaisha Agosti 1139. Anayesoma “mwaka 533” bila mwezi hajui achague mwaka gani wa Miladi.

Kilichobaki baada ya kupepeta kinatisha vya kutosha. Ngome ya Atharib iliporomoka ikaua walinzi 600. Ngome ya Harim, iliyoshikwa na wapiganaji wa msalaba, nayo ilibomoka. Lakini watu wengi wa Halab walisalimika, kwa kuwa mitikisiko ya siku iliyotangulia iliwafanya wakimbilie nje ya mji.

Afrika Mashariki tatizo ni la upande wa pili: habari ni chache mno. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa kwa ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20. Ambraseys aliliandikia makala mwaka 1991, na wapo wanajiolojia wanaolihusisha na ufa wa Kanda, Ufipa. Enzi hizo nyumba nyingi za huko zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Leo Sumbawanga ni mji wa matofali na zege.

Shajara za wamisionari, barua za maofisa wa Kijerumani, masimulizi ambayo wazee wa Ufipa walirithishwa na babu zao: yeyote aliye na kipande cha habari hizo asikiache kioze kabatini. Akifikishe kwenye hifadhi ya nyaraka au idara ya jiolojia ya chuo kikuu, pamoja na tarehe, mahali na jina la aliyesimulia.