"Hebu aongee tusikie": mpaka, lugha na swali la nani Mkenya

UZI. Kila usajili wa wapiga kura ukikaribia, kuna sentensi moja hurudi majukwaani na huku mitandaoni: "Hao si Wakenya, walivuka mpaka juzi." Anayeisema huwa na kipimo chake tayari. Hebu aongee tusikie. Lafudhi ikiwa ya kule, basi huyo ni wa kule. Bila kutaja mwanasiasa wala chama, wacha tuangalie kama kipimo hicho kinaweza kupima chochote.

Tuanze na mistari yenyewe. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani walikubaliana mstari uanzie mdomo wa Mto Umba kule Pwani, uende Ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unyooke hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, nyuzi 1 kusini mwa ikweta. (Ile hadithi ati malkia alimzawadi mjukuu wake mlima, iacheni shule ya msingi. Ule mpindo ni mapatano ya mabalozi.) Hakuna Mdigo aliyeulizwa. Wakabaki wengine Kwale, wengine Tanga. Wakuria wakawa wa Migori na wa Tarime, na hadi leo mama akiita mtoto kwa Kikuria upande mmoja, wa upande wa pili ataelewa.

Sasa njooni magharibi, manake hapa ndipo watu wengi hushtuka. Hadi mwisho wa Machi 1902, Kisumu haikuwa chini ya utawala uliokuja kuitwa Kenya. Ilikuwa Uganda. Bonde la Ufa kuanzia pande za Naivasha kwenda magharibi, nchi ya Wanandi, Waluhya na Wajaluo, yote ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilikuwa imefika ziwani Desemba 1901, na Waingereza wakaona ni usumbufu reli moja kupita chini ya serikali mbili. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa ule ukahamishwa. Watu walilala wakihesabiwa huku, wakaamka wakihesabiwa kule, na hakuna aliyebeba hata kigoda. Ndiyo maana ile reli iliitwa Reli ya Uganda, ingawa ukiifuata leo kutoka Mombasa hadi Kisumu hutoki Kenya hata hatua moja.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1925 Jubaland, pamoja na Kismayu, ilitolewa Kenya ikapewa Waitaliano. Mwaka uliofuata Mkoa wa Rudolf, yaani nchi ya Waturkana upande wa magharibi wa ziwa, ukatolewa Uganda ukaletwa Kenya. Kwa hivyo mtu akikuambia "mababu zetu walikuwa Wakenya tangu jadi", muulize kwa upole babu alizaliwa mwaka gani na wapi. Aliyezaliwa Kisumu mwaka 1900 alizaliwa Uganda. Hiyo si tusi, ni kalenda.

Lakini lugha si ziko palepale? Hapana, nazo zinatembea. Nendeni Mfangano na Rusinga. Mababu wa Wasuba wengi walivuka ziwa kutoka pande za Uganda ya leo, wakiongea lugha ya Kibantu. Walioana na majirani, walivua pamoja, na Dholuo ikawa lugha ya soko, ya kanisa na ya shule. Leo Msuba anaweza kukujibu Dholuo safi kabisa. Ukitumia kipimo cha "aongee tusikie", utamweka kwenye safari ambayo babu yake hakusafiri. Waelmolo wa Ziwa Turkana nao waliacha lugha yao wakashika Kisamburu. Watafiti wanaoandika tasnifu za uzamifu kuhusu mipaka na lugha hukutana na jambo hili kila mara: lugha inakuonyesha mtu ameishi na nani, haikuonyeshi amezaliwa wapi.

Hata majina tunayopigania ni machanga. "Luhya", "Kalenjin" na "Mijikenda" kama majina ya jamii nzima yalishika kasi miaka ya 1930 na 1940. Mpaka wa 1886 una miaka mingi kuyapita. Angalia Mlima Elgon: upande wa huku wanaitwa Sabaot na wanahesabiwa ndani ya Kalenjin, upande wa pili wanaitwa Sebei na wana hesabu yao wenyewe. Mlima mmoja, ndugu wa karibu kilugha, madaftari mawili.

Haya, sheria. Siku ya uhuru, 12 Desemba 1963, uraia ulikuja wenyewe kwa aliyezaliwa Kenya na mzazi wake angalau mmoja naye awe amezaliwa Kenya. Wengi wa waliobaki nje ya kundi hilo walipewa miaka 2 waombe kuandikishwa. Sasa fikiria kibarua wa mkonge kule Kwale, aliyetoka Msumbiji, hajui kusoma, na hakuna mtu aliyemletea fomu shambani. Miaka 2 ikapita kimya. Hao ndio Wamakonde. Watoto wao walizaliwa hapa, na wajukuu pia, na wote wakarithi ile fomu ambayo haikujazwa.

Bila kipande, Kenya hii hufunguki mlango. Huwezi kusajili laini ya simu, huna M-Pesa kwa jina lako, huna akaunti ya benki, huingii mtihani na kuendelea kama wenzako. Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Angalieni hiyo namba. Ile 42 tuliyokaririshwa utotoni haikushuka na mvua. Ni orodha ya serikali, na orodha huongezwa.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Wapemba wa Pwani. Hawa ni wavuvi, wengi wako Kwale na Kilifi, asili yao kisiwa cha Pemba. Lugha yao ya mama ni Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Sasa mtu anayeongea lugha ya taifa kuliko wewe na mimi, anayeiota usingizini, alikuwa anagunduliwa kuwa "mgeni" kwa sababu ya Kiswahili chake. Lafudhi ya Kipemba ilimuuza. Wakikosa kitambulisho, leseni ya uvuvi inakuwa shida, na bahari ndiyo shamba lao. Walikuja kutambuliwa 2023.

Na Wanubi je? Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, wakawekwa Kibra. Lugha yao, Kinubi, imezaliwa kutokana na Kiarabu cha kambini, na wasemaji wake wako hasa Kenya na Uganda. Nauliza tu: ukimwambia Mnubi "rudi kwenu", utamkatia tikiti ya kwenda wapi? Hakuna nchi ya Kinubi ng'ambo inayomngoja. Hata hivyo, vijana wao walipigwa msasa kwa miaka, kiasi kwamba mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za watoto wa jamii hiyo.

Kaskazini mashariki kipimo cha lugha kilishindwa kabisa, kwa sababu Kisomali kinaongewa pande zote za mpaka. Mwaka 1989 serikali ikaleta msasa maalum kwa Wakenya Wasomali, wakabeba kadi ya pili juu ya kitambulisho. Raia wengine walibeba karatasi moja, hao mbili. Halafu ukame ulipobana, Wakenya wengine wa huko walijiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Miaka baadaye, wakienda kuomba kitambulisho, alama za vidole zinasema: wewe ni mkimbizi.

Tusidanganyane. Vitambulisho vya kununua vipo. Nchi ina haki ya kulinda daftari lake, na anayeuliza maswali kuhusu ufisadi wa usajili si mbaguzi kwa kuuliza tu. Ila tazama ule msasa unakamata nani. Mwenye pesa na nia mbaya hufika na cheti kilichopigwa muhuri. Anayebaki kwenye benchi la chifu akiulizwa jina la baba wa babu yake ni msichana wa miaka 18 ambaye babu huyo alizikwa bila cheti. Na kule Busia, Mteso wa Soroti na Mteso wa Teso Kusini wakiulizwa salamu kwa Kiteso, wote wawili watafaulu.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilifungulia mlango kwa muda mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi hapa mfululizo tangu 12 Desemba 1963. Moja ya masharti lilikuwa ajue vya kutosha Kiswahili au lugha ya hapa. Yoyote kati yao. Sheria haijataja lafudhi. Kwa njia hii na nyingine Wamakonde waliingia, na Washona wa Kiambu, ambao wazee wao walikuja kuhubiri kutoka Zimbabwe, wakafuata. Kuna familia zenye asili ya Rwanda kwenye mashamba ya chai ya Kericho ambazo zimezeeka zikichuma majani hayo. Mkisikia jina lao likitajwa jukwaani msimu huu, sikilizeni wanaitwa nini: wafanyakazi, wapiga kura, au wageni.