Jina la Zimwi ni Mali ya Nani?

Tiamat wa Babeli hakuwa na vichwa vitano. Katika utenzi wa Enuma Elish yeye ni bahari ya chumvi, mama wa miungu, anayezaa majoka ya kumpigania na mwishowe kupasuliwa vipande viwili na mungu Marduk. Vibao vya udongo vilivyobeba kisa hicho vilifukuliwa Ninawi katika karne ya 19, na George Smith akachapisha tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1876. Karne moja baadaye, mwaka 1977, watunzi wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons walihitaji jina la malkia wa majoka wao. Wakamkuta Tiamat hana wakili wala mrithi. Wakamchukua, wakampachika vichwa vitano, kila kimoja na rangi yake, na mcheza magemu wa leo anamjua huyo tu.

Ghul naye katembea sana. Zimwi hili la jangwani, lililowapoteza wasafiri wa Kiarabu, lilijulikana Ulaya kupitia tafsiri ya Kifaransa ya Alfu Lela Ulela, ambayo Antoine Galland alianza kuichapisha mwaka 1704. Mwaka 1971 Batman alipata adui mpya katika katuni, Ra's al Ghul, jina ambalo Waarabu walikuwa wamekwisha kuipa nyota kale. Mwaka 2011 Wajapani wakaanza kuchapisha katuni ya Tokyo Ghoul, ambamo mazimwi hayo yanakaa mkahawani yakinywa kahawa. Hata wafu wa filamu ya Night of the Living Dead ya mwaka 1968 wanaitwa ghul. Zombi ni jina walilopewa na watazamaji. Filamu yenyewe ilipotea mikononi mwa wenyewe kwa uzembe: msambazaji alibadilisha jina lake dakika za mwisho, akasahau kuweka upya tangazo la hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, ikawa ya kila mtu. Nashuku zombi wasingezagaa hivi kama tangazo lile lingewekwa.

Jina likiwa na mwenyewe, mambo hubadilika. Mwaka 1922 Wajerumani walimgeuza Dracula wa Bram Stoker kuwa filamu bila ruhusa, wakamwita Orlok. Mjane wa Stoker hakudanganyika; alishtaki, na mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Baadhi ziliponyoka. Leo Dracula ni huru, lakini mwaka 2024 Orlok alirudi tena sinema, na safari hii hakuwa akimkimbia mtu. Jina la kukwepea kesi limejipatia heshima zake.

Dungeons & Dragons nao walionja shubiri hiyo. Toleo la mwanzo, la mwaka 1974, lilijaa viumbe vya mwandishi Tolkien. Waliomiliki haki za vitabu vyake walipokuja juu, hobbit akawa halfling, ent akawa treant, na balrog, pepo wa moto, akawa balor. Orc alibaki, kwa kuwa jina hilo Tolkien mwenyewe aliliokota kwenye Kiingereza cha kale.

Balrog hakukaa kimya. Mwaka 1991 aliibuka Japani ndani ya mchezo wa video wa Street Fighter II, safari hii akiwa Mhispania mwenye kucha za chuma na kinyago. Mchezo huohuo ulikuwa na bondia aliyeitwa M. Bison, aliyefanana mno na Mike Tyson. Capcom, watengenezaji wake, walipotaka kuupeleka ng'ambo waliogopa kushtakiwa, wakayazungusha majina matatu: bondia akawa Balrog, Mhispania akawa Vega, na dikteta, ambaye Japani ndiye Vega, akaitwa M. Bison. Ndiyo maana wachezaji wa nchi mbalimbali wakikutana mashindanoni huyaacha majina yote hayo, wakasema tu bondia, kucha na dikteta.