Kitabu cha Rosa na Wasomaji Wake

Mwaka 1971 shirika la East African Literature Bureau la Nairobi lilitoa riwaya ya kijana mmoja wa Ukerewe ambaye hata wino wa shahada yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa haujakauka. Kijana huyo alikuwa Euphrase Kezilahabi, na riwaya yenyewe ni Rosa Mistika. Nathubutu kusema kwamba hakuna kitabu cha Kiswahili kilichowagombanisha walimu wa rika langu kama hicho. Tuligombana mabwenini, tukagombana kwenye vyumba vya walimu, na wengine waligombana na wake zao.

Siku hizi watu hugombana juu ya picha za televisheni. Mwaka 2010 kituo cha Fox cha Marekani kilikataa kuonyesha sehemu moja ya katuni za vichekesho ziitwazo Family Guy, kwa sababu ilizungumzia kutoa mimba. Waingereza wakaionyesha mwezi Juni mwaka huohuo kupitia BBC Three, na Wamarekani waliotaka kuiona wakainunua katika DVD. Kabla ya hapo, Novemba 1972, mchezo mwingine wa kuchekesha, Maude, ulimwonyesha mama wa makamo akiamua kutoa mimba. Baadhi ya vituo havikuurusha, na uliporudiwa mwaka 1973 barua za hasira zilimiminika kwa maelfu. Sisi huku Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Tulikuwa na kitabu cha Kezilahabi, nacho kilitutosha. Tena mzozo wetu ulikuwa na jambo ambalo ule wa Wamarekani haukuwa nalo: waliotakiwa kukiweka kitabu mbali na wanafunzi tulikuwa sisi walimu, na sisi walimu tulikuwamo ndani ya kitabu.

Kwa msomaji ambaye hakukisoma, au amekisahau, habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Zakaria ni mlevi na mkali. Anaikuta barua ambayo mvulana aitwaye Charles amemwandikia bintiye, anampiga Rosa kipigo cha mnyama, na tangu siku hiyo msichana anakua akiwaogopa wanaume wote. Anafaulu na kwenda sekondari ya wasichana, na huko Bwana Maendeleo aitwaye Deogratias, mtu mwenye cheo na fedha, anamharibu. Kisha anakwenda Chuo cha Ualimu Morogoro. Huko hofu yote inageuka; ngome inabomoka, na wanaume wanaingia mmoja baada ya mwingine, mkuu wa chuo mwenyewe akiwamo. Rosa anapata mimba na kutoa mimba. Baadaye anatulia, anaanza kazi ya ualimu, anakutana tena na Charles, wanapanga kuoana. Lakini Charles anapojua kwamba mchumba wake si bikira anamwacha, na Rosa anajiua. Mwishoni mwandishi anatupeleka mpaka mbele ya Mungu, ambako baba na binti wanashtakiana.

Jina lenyewe lilikuwa uchokozi. Wakatoliki wanalifahamu, kwa kuwa Rosa Mistika, yaani Waridi la Fumbo, ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Kezilahabi alikulia katika elimu ya seminari na alijua anafanya nini alipompa msichana huyu jina hilo. Wapo walioudhika na jalada kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Ili kuelewa kishindo kile, hapana budi kukumbuka miaka yenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa limetoka Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua vikawa haramu mitaani. Magazeti yalijaa barua za wasomaji juu ya magoti ya wasichana. Taifa lilikuwa linajengwa, na fasihi ilitazamiwa kubeba matofali. Isitoshe tulikuwa tumelelewa na Shaaban Robert, ambaye kwake mtu mwema huitwa Utubora au Adili, na ukishalijua jina lake umekwisha kuijua tabia yake. Sasa anakuja mwandishi wa miaka ishirini na saba anayemwita Rosa jina takatifu, halafu anamwacha aanguke, na hasemi waziwazi ni nani wa kulaumiwa.

Haukupita muda mrefu kitabu kikazuiwa kutumika mashuleni. Matokeo yake msomaji anaweza kuyabashiri. Wakati huo nilikuwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu, si cha Morogoro, na nalisisitiza hilo kwa sababu wenzetu wa Morogoro walipata taabu. Kila tulipokutana nao kwenye michezo tuliwauliza habari za Rosa mpaka ngumi zikakaribia kurushwa. Katika bweni letu palikuwa na nakala moja tu, imefunikwa kwa gazeti la Uhuru ili ionekane kama kitabu cha siasa. Ilikuwa ikizunguka kwa zamu ya usiku mmoja mmoja. Iliponifikia ilijifungua yenyewe penye kurasa zilizosomwa zaidi, na kurasa za kipigo cha Zakaria zilikuwa safi kabisa.

Jumamosi moja mkufunzi wetu wa Kiswahili, mtu mpole wa kutoka Tanga, alituruhusu tufanye mdahalo juu ya kitabu ambacho rasmi hakuna aliyekuwa nacho. Wavulana tuliongea kwa muda mrefu. Mmoja alisema kwamba Rosa ni mhuni. Mwingine alisema kwamba kutoa mimba ni kuua na kwamba kitabu kinafundisha kuua. Wa tatu, mwanasiasa wetu, akasema hayo ni mabaki ya ubepari. Ndipo aliposimama dada mmoja wa mwaka wa pili, mkimya, ambaye sikumbuki kumsikia akizungumza tena baada ya siku hiyo. Alisema: "Ndugu zangu, nimewasikiliza tangu saa nne. Mnauliza Rosa alitoa mimba ngapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza zilikuwa za nani." Akaketi. Mkufunzi alitazama saa yake, akasema wakati wa chakula umefika, ingawa ulikuwa bado.

Nimelirudia swali lile mara nyingi katika miaka yangu ya kazi kuliko jambo lolote nililofundishwa darasani. Maana sheria yenyewe nayo imeandikwa kama midahalo yetu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyoipata mwaka 1945 chini ya Mwingereza, inasema katika vifungu vya 150 hadi 152 kwamba anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayetoa vifaa au dawa miaka 3. Kifungu cha 230 kinamwachia nafasi mganga anayempasua mama kwa nia njema ili kuyaokoa maisha yake. Mwingereza mwenyewe alikwisha kuibadili sheria yake mwaka 1967, miaka minne kabla ya Rosa. Sisi tuliibakiza ile aliyotuachia. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, inayozungumzia ruhusa ya kutoa mimba pale palipo na ubakaji, maharimu, au hatari kwa mama, lakini vifungu vile vya zamani havikuguswa. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini. Idadi kama hiyo chini ya sheria kama hiyo ina maana kwamba karibu zote zilitolewa kwa siri.

Sitaki msomaji anidhanie vinginevyo: mimi sipendi kutoa mimba, na sijabadilika katika hilo. Lakini nimezika. Mwaka 1984, katika shule moja ya kusini nilikokuwa mwalimu wa kawaida, tulimzika msichana wa kidato cha tatu. Tuliambiwa ni homa kali. Wanafunzi wa bweni lake walijua, mpishi alijua, na mwenye duka la dawa alihama mwezi uleule. Mama yake alipokuja kuchukua sanduku aliuliza jambo moja tu, kama bintiye alilia usiku ule. Mwalimu wa zamu alimjibu, "Hapana, mama, alilala kama mtoto." Sote tuliokuwa pale tulijua kwamba bweni zima lilikesha. Aliyempa mimba alikuwa mtu wa heshima zake pale mjini, na mazikoni alikuja, akatoa rambirambi. Katika kabati la ofisi ya shule hiyo, lenye kufuli, palikuwa na nakala mbili za Rosa Mistika, zimezuiwa zisije zikawaharibu wasichana.

Wakati huo mwanafunzi mwenye mimba aliondolewa shule. Fomu tulizojaza zilikuwa na nafasi ya jina lake, darasa lake na sababu ya kuacha. Sababu ilikuwa neno moja, mimba, kana kwamba ni ugonjwa uliopeperushwa na upepo. Hayo hayakuwa ya zamani tu. Juni 2017, akiwa Chalinze, kwenye barabara hii hii ya Morogoro inayopita mbele yetu hapa Visiga, Rais Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni. Majirani zangu wengi walishangilia, hata wazazi wenye mabinti. Mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini kila aliyekaa na familia zetu anajua jinsi kesi hizo zinavyomalizwa nyumbani, kwa mbuzi na ahadi ya ndoa. Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akaondoa zuio, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaruhusu wasichana waliokatiza masomo kurudi katika shule za kawaida. Nimewaona wawili wakipita hapa asubuhi wakiwa na sare, mmoja akimwachia bibi mtoto penye kituo cha daladala. Hakuna shule iliyoanguka.

Turudi kwenye kitabu. Marufuku ilikwisha kimya kimya. Riwaya ikawa kitabu cha kufundishia fasihi katika sekondari za Tanzania na hata Kenya. Kezilahabi aliendelea na Kichwamaji mwaka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, akapata udaktari wake Wisconsin mwaka 1985, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana, na akafariki Januari 2020. Mwaka 2025 Rosa alitoka Marekani kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Jay Boss Rubin. Nimesikia wakosoaji wakimsifu kuliko sisi tulivyopata kumsifu.

Mimi nina ugomvi wangu naye. Sikuridhika, wala sijaridhika, kwamba aliona hapana budi Rosa afe. Msichana yule alikuwa amekwisha kutulia, ana kazi, ana darasa, na wadogo zake wanamtegemea. Nimefahamu walimu wa kike waliopita katika matope yaleyale, na wakafundisha miaka thelathini, wakaheshimiwa, wakastaafu. Mmoja ni mzee wa kanisa. Kwa kumwua Rosa, mwandishi aliwapa wale waliomwita mhuni mwisho walioutaka. Labda alitaka tuone Charles na Zakaria ndio wauaji, lakini msomaji wa haraka, na wengi wetu ni wa haraka, alifunga kitabu akisema, "Ameona!"

Mambo ya kuzuia vitabu hayajatuishia. Februari 2023 Waziri Adolf Mkenda alitangaza vitabu 16 kuwa marufuku mashuleni, vikiwamo vile vya Diary of a Wimpy Kid, vyenye michoro ya katuni. Sina haja ya kuvitetea. Nilivitazama viwili na vikanichosha. Nilichokiangalia ni maduka ya Kariakoo wiki ile, ambako vijana ambao hawakuwahi kuvisikia walikuwa wakiviulizia.

Mwaka jana mwalimu kijana wa sekondari ya jirani, ambaye huniita babu na kuniletea vitabu, aliniletea notisi za fasihi za kurudufu, za zile zinazouzwa kwenye vibanda vya steshenari kule Mlandizi. Rosa Mistika ilikuwamo. Chini ya kichwa cha habari "Wahusika", Rosa amepewa ukurasa mzima: si mvumilivu, ana tamaa, hafai kuigwa na jamii. Zakaria amepewa mistari mitano. Mkuu wa chuo amepewa mstari mmoja: "Anawakilisha viongozi wanaotumia vyeo vyao vibaya."

Nilimuuliza mwalimu yule, naye ni mwanamke, huwa anawafundisha hivyohivyo? Akacheka. "Babu," akasema, "mtihani ukiuliza tabia za Rosa, wanaandika ukurasa mzima. Mimi huwa nawaambia wakishamaliza wageuze karatasi, waniandikie wa mkuu wa chuo." Nikamuuliza wanaandika nini. Akasema wavulana huuliza kama hilo nalo litatoka kwenye mtihani.