Nele Neuhaus

Nele Neuhaus (amezaliwa Münster, 20 Juni 1967, kwa jina la Cornelia Löwenberg) ni mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Ujerumani, mmoja wa wanaosomwa sana nchini mwake. Angali mtoto, familia yake ilihamia Taunus, nchi ya vilima na misitu karibu na jiji la Frankfurt, na huko ndiko visa vyake vingi vinakotokea.

Alisoma sheria, historia na fasihi ya Kijerumani, akafanya kazi katika kampuni ya matangazo, kisha akajiunga na kiwanda cha nyama na soseji cha mume wake wa kwanza. Kuandika kulisubiri saa za mapumziko. Riwaya yake ya kwanza, Unter Haien, inayomhusu mwanamke wa Kijerumani anayefanya kazi Wall Street, ilitoka mwaka 2005 kwa gharama yake mwenyewe, nakala 500 tu. Akazitafutia soko mwenyewe. Zilipokwisha hakungoja kubembelezwa: Eine unbeliebte Frau (2006) na Mordsfreunde (2007) zilifuata njia ileile. Wenye maduka ya vitabu wa Taunus wakaona wateja wanarudi kuulizia kitabu kingine, na sifa hiyo ikaifikia kampuni kubwa ya uchapishaji ya Ullstein, ikampa mkataba. Kwa hiyo alipoingia Ullstein alikuwa tayari na wasomaji wake, aliowapata kwa jasho lake.

Wapelelezi wake ni wawili, wa polisi wa Hofheim, mji wa Taunus: Oliver von Bodenstein, mtu wa ukoo wa kikabaila, na Pia Kirchhoff, anayefuga farasi na aliyewahi kuolewa na daktari wa kuchunguza maiti. Kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi uwezo wake ni Tiefe Wunden (2009). Mzee Myahudi anayeheshimika, aliyejulikana kuwa amenusurika mauaji ya Wanazi, anakutwa amepigwa risasi. Maiti yake inapochunguzwa, mkononi inaonekana chale ya kundi la damu, alama waliyochanjwa askari wa SS, kikosi cha Wanazi. Kuanzia hapo kesi inageuka kuwa hesabu ya uongo wa miaka 60.

Schneewittchen muss sterben (2010) ndiyo iliyompa umaarufu: kijana anamaliza kifungo cha miaka 10 kwa mauaji ya wasichana wawili ambao miili yao haikupatikana, anarudi kijijini, na kijiji kizima kinamgeuka. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni 1. Kuanzia 2013 televisheni ya ZDF imeigeuza mikasa ya Bodenstein na Pia kuwa filamu, na vitabu vyake vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 20.

Huandika pia vitabu vya farasi kwa ajili ya vijana, na riwaya nyingine kwa jina la Nele Löwenberg. Taasisi aliyoianzisha husaidia watoto kujifunza kusoma na kuandika. Monster, kisa cha 11 cha Bodenstein na Pia, kilitoka mwaka 2023.